Kadi ya uanachama ni ya nani?
Kuna makala inayodai kuwa wanawake ni wachache katika bodi za vyama vya ushirika kwa sababu hawajitokezi kugombea. Kwa ninavyoijua hali ya Kilimanjaro, dai hilo linaruka hatua ya kwanza. Anayegombea sharti awe mwanachama, na uanachama wa AMCOS (vyama vya ushirika vya kuuza mazao) za kahawa kwetu hufuata jina la mwenye kihamba (shamba la familia la kurithi), ambaye mara nyingi ni baba. Mama yangu alichuma na kuanika kahawa kwa zaidi ya miaka 30, lakini mzigo uliendelea kupimwa kwa jina la marehemu mzee (ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya ardhi), hadi alipohamishiwa kadi. Uchaguzi uliofuata akaingia kwenye bodi. Je, kwenu mnaolima korosho au pamba, daftari la wanachama lina majina ya nani?