Milioni Gawa kwa Saba

Jamani, msikubali kuwa mweka hazina wa familia. Afadhali mchunge mbuzi wa jirani.

Nyumba ya mama kijijini inavuja, fundi kataka milioni moja ya mabati. Sisi tumezaliwa saba. Nikashika simu, milioni gawa kwa saba: 142,857 na visenti vinavyofuatana bila kukoma. Visenti nikavitupa. Hapo ndipo nilipojipalia makaa.

Kaka mkubwa akasema atamlipia na kitinda mimba, maana yuko chuo. Akatuma 285,714. Natazama, mbona tarakimu ni zile zile? Nikampigia: "Kaka, umechanganya namba." Akanikatia simu. Dada akajilipia yeye na wawili ambao hali zao mnazijua: 428,571. Zile zile tena! Nikachukua kalamu, nikajumlisha za hao wawili: 714,285. Nikavua miwani, nikaifuta, nikavaa. Tarakimu zimebadilishana siti tu kama abiria wa daladala.

Mpwa wangu wa kidato cha sita akacheka hadi akakaa chini. "Mjomba, izidishe ile 142,857 kwa moja mpaka sita, itakuwa inazunguka tu."

Kumbe nimemfungulia bomba. Tarakimu zake ukizijumlisha unapata 27, na 27 inaingia humo mara 5,291 kamili. Namba za namna hiyo mwalimu mmoja wa shule kule India, Kaprekar, aliziita Harshad, Kisanskriti hicho, yaani yenye kuleta furaha. Furaha! Mimi ninayedaiwa mpaka na muuza maandazi? Akaendelea: mraba wake ni 20,408,122,449. Ukate vipande viwili, 20,408 na 122,449, ujumlishe, inarudi 142,857. Hiyo nikaielewa upesi. Ndivyo ulivyo mkopo wangu: nakatwa kila mwezi, nikiuliza salio ni lile lile.

Iliyoniuma ni ya mwisho. Vigawanyo vyake vyote, yenyewe ukiiweka pembeni, jumla ni 112,503. Havifiki. Kwa hiyo wanahisabati wameipanga kwenye kundi la namba pungufu. Imepungua 30,354. Watu wamesomea hayo miaka, wangeuliza mfuko wangu tu.

Kaka wa pili akatuma yake, jumla 857,142. Sikushtuka, nimeshazoea. Nikaongeza yangu, ya kukopa, nikasubiri zizunguke.

999,999.

"Kwa saba ndiyo inakuwa hivyo, Mjomba," kijana anasema, mdomo umejaa wali wangu.

Muuza mabati naye: "Bosi, milioni ni milioni." Sarafu ya shilingi moja sikumbuki lini niliishika. Naandika taarifa kwenye kundi la familia, Dada anajibu hapo hapo: "Mama aliambiwa milioni. Ile shilingi umeila?"

Na kaka mkubwa, ambaye hapokei simu yangu tangu siku ile, kaweka dole gumba.