Kilo si kipimo pekee
Mwandishi wa makala ya upasuaji wa kupunguza uzito anasema ule wa kukata sehemu ya tumbo na ule wa kuliunganisha upya na utumbo ni mamoja, kwa hiyo mgonjwa achague upasuaji ulio mwepesi. Kwa uzito peke yake simpingi: utafiti wa Uswisi uliochapishwa 2018 ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 200 kwa miaka 5, na tofauti ya kilo haikuwa kubwa. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba kati ya waliokuwa na kiungulia, kilipona kwa 60 katika kila 100 waliounganishwa utumbo, na 25 tu kwa waliokatwa tumbo. Dada yangu hapa Moshi alikatwa tumbo akiwa na kiungulia cha miaka, na hakuna aliyemuuliza. Amepungua sana, sukari imeshuka, namshukuru Mungu. Ila analalia mito mitatu, na kikombe chake cha mtori lazima kiishe kabla jua halijazama, la sivyo usiku ni wa kuungua kifua. Kuunganishwa nako kuna mzigo wake: kutumia vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu maisha yote. Wenzangu mliofanyiwa, mliulizwa kuhusu kiungulia kabla ya kuchagua?