Ndege ya mbao Tanga: fundi tunaye, mkaguzi je?

Mini-MAX ni ndege ya mtu mmoja, ya mbao na kitambaa, ambayo mwenyewe anaijenga gerejini kwake. Mmarekani Wayne Ison aliibuni katika miaka ya 1980, nayo imezaa ndugu kadhaa: Hi-MAX, ambayo bawa lake liko juu ya kichwa cha rubani, V-MAX inayotumia injini ya Volkswagen, na nyinginezo. Unanunua michoro, au vipande vilivyokatwa tayari, kisha unaunganisha. Je, seremala kijana wa Tanga anaweza kuijenga? Naamini anaweza. Lakini kuijenga ni jambo moja na kuirusha ni jingine, na mabishano mengi juu ya ndege hizi huyachanganya.

Wanaounga mkono wana hoja nzito. Pwani hii ya Pangani hadi Moa imekuwa na mafundi wanaounda ngalawa na jahazi kwa kipimo cha jicho tu. Mbavu za bawa la Mini-MAX ni vijiti vyembamba vinavyopangwa ndani ya kalibu, na kila kiungo hushikwa kwa gundi na kipande cha plaiwudi. Kitambaa cha poliesta hugandishwa juu yake na kupigwa pasi hadi kikaze kama ngozi ya ngoma. Mkono uliozoea randa hautashindwa kazi hiyo.

Ila ufundi wa jahazi una mazoea yanayokwenda kinyume na ndege. Fundi wa jahazi husaka mti uliopinda ili apate taruma, yaani mbavu za chombo, na mbao zake zikiingia majini huvimba zikaziba mianya. Ndege inataka mbao kavu, yenye nyuzi zilizonyooka. Viwango vya mbao za ndege haviruhusu nyuzi kukengeuka zaidi ya inchi 1 kwa kila inchi 15 za urefu, na mapete ya ukuaji yasipungue 6 kwa kila inchi. Mninga na mvule ni imara, lakini ni nzito mno kwa chombo ambacho kila kilo inahesabiwa. Paina ya Shume kule Lushoto ni nyepesi, ila miti ya shambani hukua haraka na mapete yake huwa mapana, hivyo itabidi ubao mmoja mmoja uchambuliwe. Ongeza unyevu na chumvi ya hapa mjini, adui wa gundi, chuma na waya.

Kuna pia suala la sheria. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1982 inamruhusu mtu kurusha ndege ya namna hii bila leseni, mradi uzito wake ikiwa tupu usizidi kilo 115, tangi lisizidi lita 19, na iruke mchana tu, mbali na makazi yenye msongamano. Wenye shauku huisoma kama ruhusa ya dunia nzima. Haina nguvu yoyote hapa: anga yetu iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na kwake ndiko pa kuanzia kabla ya kununua ubao wa kwanza.

Wapo wanaosema basi ipigwe marufuku kabisa. Siungi mkono. Kijana mwenye hamu ya kuruka akikatazwa ataendelea uani kwake, kwa mabomba ya chuma na injini ya pikipiki, bila mchoro wowote. Michoro iliyokwisha kurushwa na watu wengi ni salama kuliko kubahatisha.

Hofu yangu iko kwenye kiti. Ndege hii haina nafasi ya mwalimu. Siku ya kwanza unapoirusha uko peke yako, mara nyingi na injini ya mipigo miwili inayoweza kuzimika ghafla, na upepo wa kusi ukiisukuma ndege nyepesi vile. Lazima mtu ajifunze kwanza kwenye ndege ya viti viwili, na si ajabu ada ya masomo ikazidi bei ya mbao zote. Anayepigia hesabu ujenzi peke yake anajidanganya.

Pengo la pili ni ukaguzi. Kiungo kilichokosa gundi hakionekani tena kitambaa kikishafunika. Marekani, chama cha wajenzi wa ndege cha EAA, kilichoanzishwa 1953, kina washauri wanaomtembelea mjenzi kukagua viungo mapema. Sisi tuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kinachofundisha matengenezo ya ndege. Ningependa wataalamu wa aina hiyo waje kukaa na maseremala wa Tanga, na waanze na bawa moja tu, bila injini wala kiti. Baada ya kukaguliwa ligeuzwe chini juu, lipangwe mifuko ya mchanga iliyopimwa kufikia mzigo ulioandikwa kwenye michoro. Likivunjika, hakuna aliyeumia, na kiungo kilichoachia kitaonekana.