Steringi hajampenda, pesa zimekwisha

Kipi huiua zaidi filamu ya mapenzi ya enzi zilizopita: bajeti mbaya au mwigizaji asiyefaa? Ikidorora, lawama ya kwanza huangukia bajeti. Mfano unaopendwa ni Cleopatra ya 1963: ilipangiwa dola milioni 2, ikameza zaidi ya 31. Majengo yalishasimamishwa London, Elizabeth Taylor akaugua, kazi ikahamia Roma na kila kitu kikajengwa upya. Taylor peke yake alikuwa na mavazi 65. Iliongoza kwa mapato Marekani mwaka ule, na bado nusura iifilisi studio. Katikati ya dhahabu yote hiyo, penzi la malkia huyo wa Misri na Antony, jemadari wa Roma, lazima ulitafute.

Ila ubahili nao unaua. Tuseme mtu anataka kupiga hapa Mwanza kisa cha mapenzi cha 1928, mwaka reli ya kutoka Tabora ilipofika. Akimsimamisha binti mbele ya Mwamba wa Bismarck na khanga yenye mikunjo ya dukani, huku mnara wa simu umechungulia nyuma, watu wa mwaloni Kirumba watacheka pale walipotakiwa kulia. Pesa ya kuficha mnara ule haijapotea.

Kumpa nafasi mwigizaji asiyefaa ni kesi ngumu zaidi. Katika Out of Africa ya 1985, Robert Redford ni Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyesoma Oxford, lakini anaongea Kimarekani waziwazi, pembeni ya Meryl Streep anayehangaika na lafudhi ya Kidenmaki. Walioiponda walikuwa na haki. Filamu ikabeba Oscar 7. Na kwenye kibanda umiza, DJ akishaweka Kiswahili chake juu ya sauti zote, lafudhi haipo tena. Inabaki ile mikono ya Redford inayomwosha Streep nywele porini. Hapo anafaa kabisa.

Kwa hiyo lafudhi naisamehe. Nisichosamehe ni wawili wasiotamaniana, maana hilo DJ hawezi kulitafsiri. Na hapa ndipo makosa mawili yanapoungana: steringi mwenye wafuasi wengi mtandaoni analipwa nusu ya bajeti, anashuka na ndege Jumatatu, Jumanne anambusu binti ambaye hawajafanya hata zoezi moja. Msambazaji atasema bila jina hilo hauzi, na hadanganyi. Basi amlipie pia wiki mbili za mazoezi kabla kamera haijawashwa, hata kama mavazi yatapungua.