Wiki 10 za Marekani na wiki 8 za fildi

Nyumbani tunaamini kinachombeba mwanafunzi wa baiolojia wa Marekani ni mashine. Naishi huku, na nabisha. Kinachombeba ni swali moja alilokabidhiwa, mtu wa kumwelekeza kila siku, na posho inayomtosha kula bila kutafuta kibarua kingine.

Mpango unaojulikana zaidi wa kuwafunza wanafunzi wa shahada ya kwanza utafiti ni REU, unaofadhiliwa na NSF, taasisi ya sayansi ya serikali ya Marekani. Kituo kimoja huchukua wanafunzi 10 hivi kwa wiki 8 hadi 10 za kiangazi. Kwenye baiolojia mseto, yaani inayochanganywa na fani nyingine, anayejua mbu anafanya mradi mmoja na anayejua kuandika programu ya kuwahesabu mbu kwenye picha.

Wiki ya kwanza ni ya usalama na kuzoeza mkono. Mwanafunzi anavuta maji mikrolita 100 kwa pipeti, anayaweka kwenye mizani nyeti, anarudia mara 10. Kila mara mizani isome karibu miligramu 100. Namba zikipanda na kushuka, mkono bado haujatulia. Zikiwa chini ya 100 kwa kiasi kilekile kila mara, pipeti inataka kurekebishwa. Maji na mizani vipo Morogoro, vipo Dar es Salaam, vipo Maseno.

Wiki ya pili anaandika kurasa 2: swali, idadi ya sampuli, sampuli za ulinganisho, namna ya kuchambua. Miradi mingi hufia hapa. Swali linakuwa kubwa mno, au kitendanishi (kemikali ya jaribio) kinaagizwa wiki ya 4 kinafika wiki ya 9. Msimamizi makini huagiza kabla mwanafunzi hajafika, na huweka swali la akiba ambalo data zake zipo tayari. Wiki 2 za mwisho hakuna jaribio jipya. Ni uchambuzi na bango la matokeo.

Sasa fildi yetu, yaani mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi anazunguka na barua ya chuo kuomba nafasi. Akiipata, mara nyingi anaosha vyombo, anabandika lebo na kusubiri sahihi na muhuri. Aliye na mkopo hupewa pesa ya fildi na Bodi ya Mikopo, na baadaye atadaiwa. Asiye nao anajigharamia. Hili linaniuma, kwa sababu nyumbani ndiko yaliko maswali yenyewe. Ifakara na Kilifi watu wanachunguza malaria mahali mgonjwa anapoishi na mbu anapozaliana; huku wengi wanafuga mbu kutokana na mayai yaliyosafirishwa kwenye kifurushi.

Wanaotaka kuja wajue kwamba fedha za REU ni za raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu tu. Anayesoma Dodoma asipoteze Desemba yake kujaza maombi huko. Aangalie nafasi za mafunzo za OIST ya Okinawa, Japani, na ISTA ya Austria, taasisi za utafiti zinazopokea mataifa yote. Mwalimu aombwe barua ya mapendekezo mwezi mmoja kabla, akipewa matokeo ya masomo, maelezo ya mradi na tarehe ya mwisho. Barua inayosema tu "ana bidii na nidhamu" haimsaidii mtu. Iseme alipima nini, kwa mikono yake, na kosa gani aliligundua mwenyewe.

Wanaoshirikiana na maabara za Marekani waangalie tarehe kwenye majedwali. Sisi 03/04 ni tarehe 3 Aprili. Kompyuta iliyopangwa kimarekani inaisoma 4 Machi, na 13/04/2024 inaiacha kama maneno tu. Msimu wa mvua unavurugika kwenye grafu na hakuna anayeshtuka. Andikeni 2024-04-03 tangu siku ya kwanza.

Mhadhiri anaweza kuanza Julai hii na wanafunzi 2, mmoja wa baiolojia na mmoja wa kompyuta. Wapewe swali moja, kurasa 2, na nusu saa ya mazungumzo kila Jumatatu. Daftari la fildi lisigongwe muhuri mpaka grafu moja iwe ndani, na mwanafunzi aweze kuieleza bila kusoma.