Jiko la gesi: safi kuliko nini?

Jiko la gesi hupewa hukumu mbili zinazopingana. Wanaohimiza watu waachane na kuni na mkaa huliita nishati safi. Wanaopima hewa katika nyumba zenye umeme wa uhakika huliita chanzo cha sumu. Wote wana vipimo mkononi, ila wa kwanza wanalilinganisha na moshi wa kuni na wa pili na jiko la umeme.

Upande wa kwanza ndio wenye uzito zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, chanzo kikiwa kuni, mkaa, samadi na mafuta ya taa. Mbele ya hayo, gesi hutoa chembechembe chache mno za moshi. Lakini manufaa hayaji yote kama yanavyotarajiwa: jaribio la HAPIN, lililofanyika Guatemala, India, Peru na Rwanda, liliwapa wajawazito majiko ya gesi. Moshi waliouvuta ulipungua sana, ila uzito wa watoto waliozaliwa haukuonyesha tofauti ya maana.

Hoja nzito ya upande wa pili ni nitrojeni dioksaidi, gesi inayodhuru njia ya hewa na mapafu, na hapa moto wa bluu huwadanganya wengi. Bluu inaonyesha kwamba gesi inapata hewa ya kutosha, kwa hiyo kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, ni kidogo. Basi. Nitrojeni dioksaidi haimo kwenye mtungi: joto kali la mwali huunganisha nitrojeni na oksijeni zilizomo katika hewa ya chumbani. Jiko jipya lisilo na kasoro yoyote huitoa vilevile. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na WHO ni mikrogramu 200 kwa mita moja ya ujazo kwa saa 1, na wastani wa 10 kwa mwaka. Katika chumba kidogo cha kupikia kilichofungwa madirisha, moto wa sehemu mbili au tatu ukiwaka pamoja unaweza kuvuka kiwango hicho cha saa.

Kuhusu pumu, tahadhari inahitajika. Makadirio ya mwaka 2022 nchini Marekani yalihusisha asilimia 12.7 ya pumu ya watoto na majiko ya gesi, lakini yalikuwa hesabu iliyojengwa juu ya tafiti za zamani. Hakuna watoto wapya waliopimwa. Mapitio mapana ya tafiti yaliyotoka mwaka 2024 hayakukuta ongezeko la wazi la pumu kulinganisha na umeme, ingawa yalikuta ongezeko dogo la nimonia na ugonjwa sugu wa mapafu. Na wanaouza majiko ya umeme wasisahau kikaango: mafuta yakipata moto hadi kufuka hutoa chembechembe nyingi hata pasipo mwali.

Kwa hiyo kwa anayetoka kwenye mkaa, gesi ni hatua kubwa mbele. Kwa mwenye umeme wa kuaminika, sababu za kiafya za kubaki kwenye gesi ni chache. Baada ya hapo, kinachoamua ni njia ya kutokea hewa.

Kilo 1 ya gesi ya mtungi huhitaji takriban kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Mwali wa njano na masizi chini ya sufuria ni dalili kwamba hewa haitoshi: matundu ya mwali yameziba, au noseli (kitundu kidogo kinachopitisha gesi) si ya gesi hiyo. Jiko la gesi ya bomba likifungwa kwenye mtungi bila kubadilishwa noseli hupitisha gesi nyingi kupita kiasi.

Feni ya kuvuta moshi inayochuja kwa mkaa na kurudisha hewa chumbani hupunguza harufu na mafuta, lakini kaboni monoksaidi hurudi yote. Inayofaa ni yenye bomba la kutokea nje. Pikia moto wa nyuma, maana ndiko feni inakokamata vizuri. Pasipo feni, fungua dirisha na mlango unaokabiliana nalo kabla ya kuwasha, uviache wazi dakika kama 15 baada ya kuzima.

Kengele ya gesi ya mtungi hufungwa karibu na sakafu, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ya gesi asilia, yaani ile ya bomba, hukaa karibu na dari. Kengele ya kaboni monoksaidi ni chombo kingine kabisa, na haitambui nitrojeni dioksaidi hata kidogo.