Mchanganyiko umefaulu, lakini wapi?

Kuna maneno yanayonikera kila ninapoyakuta kwenye ripoti ya udongo uliochanganywa na chokaa ili kuuimarisha kwa ujenzi: "Nguvu ya siku 28 imefaulu." Sampuli iliyokaa siku 28 imefaulu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kwenye chumba chenye joto lisilobadilika, hakuna tone linaloingia wala kutoka. Kisha udongo huohuo wa mfinyanzi unakwenda kulazwa mahali ambapo maji hupanda na kushuka kila msimu.

Chokaa hufanya kazi mbili. Ya kwanza huonekana kwa saa chache: udongo uliokuwa unanata unavunjikavunjika, magari yanapita, kila mtu anaridhika. Hiyo si nguvu ya kudumu. Ya kudumu huja polepole, pH (kipimo cha asidi na alkali) ikiwa karibu 12.4, pale silika na alumina za udongo zinapoyeyuka na kushikana na kalsiamu kuwa gundi. Huchukua miezi, hata miaka, na penye baridi kali karibu isimame kabisa.

Sasa yapitishe maji hapo. Yanabeba kalsiamu, pH inashuka, gundi mpya haiundwi tena na ile iliyokwisha kushika inaanza kulegea. Kipimo cha watafiti Eades na Grim cha mwaka 1966 (gramu 20 za udongo, mililita 100 za maji, saa moja) kinakupa kiasi cha chokaa cha kufikisha pH hiyo siku ya kwanza tu. Hakisemi lolote kuhusu kitakachochukuliwa na maji baadaye.

Salfeti, aina ya chumvi, ni balaa zaidi. Ikikutana na kalsiamu na alumina penye maji, huzaa etringaiti, fuwele zinazovimba na kuinua tabaka lililokwisha kushindiliwa. Ikivuka miligramu 3,000 kwa kilo ya udongo, ni lazima kuwa macho. Ikivuka 8,000, tafuteni njia nyingine. Wengi hupima udongo peke yake na kusahau maji ya ardhini, wakati ndiyo yanayoweza kuileta salfeti taratibu kwenye udongo uliokuwa safi.

Mboji nayo hula chokaa, na tabaka lililoshindiliwa vibaya hupitisha hewa inayoigeuza chokaa kuwa kaboneti, isiyozaa gundi hiyo.

Haya, sampuli iliyofungwa inafaa kulinganisha chokaa ya asilimia 4 na ya asilimia 6. Iishie hapo. Tengenezeni sampuli pacha: moja ikae mfukoni, nyingine iloweshwe na kukaushwa mara 12, kwa maji yaliyochotwa kwenye shimo la eneo lenyewe. Ya bomba haitoshi. Nguvu ya kusanifia iwe ya ile iliyoloweshwa.

Na tabaka likishakaa miaka kadhaa, chimbeni bonge, livunjeni, nyunyizeni fenolfthaleini, dawa inayobadilika rangi penye alkali, palepale. Palipobaki na chokaa pataiva rangi ya waridi. Palipopotea patabaki na rangi ya udongo; hapo kwaruzeni kwa ukucha muone panavyomeguka.